Mwenye kiota si mjinga

Kuna picha inayosambaa sana mitandaoni: ndege mdogo wa matete amesimama mgongoni mwa kinda mkubwa kumshinda mara kadhaa, kichwa amekizamisha mdomoni mwa kinda huyo, anamlisha kiwavi. Kinda si wake. Ni wa kekeo, ndege anayetagia viota vya wengine, na siku chache baada ya kuanguliwa aliyatupa nje mayai yote ya huyu anayemlisha. Wanaoitazama picha hiyo hutoa hukumu mbili kwa mkupuo: kekeo ni mvivu na muuaji, na huyu mdogo ni mjinga. Ya kwanza sitaihangaikia sana, kwa kuwa maadili yetu hayamhusu ndege. Ya pili ndiyo inayoniuma. Si ya kweli, na inatuficha sehemu tamu kuliko zote ya habari hii.

Mwenye kiota anapigana, tena anapigana vizuri. Ila vita vyake hupiganwa mapema, kabla ya picha ile kupigwa, na tunachokiona sisi ni vile vichache alivyoshindwa.

Ndege wanaoishi kwa kudoea malezi tu, wasiojenga kiota wala kuatamia hata mara moja maishani mwao, ni aina zipatazo 100 kati ya aina zaidi ya 10,000 za ndege duniani. Tabia hii imezuka mara saba, kila mara kivyake: mara tatu ndani ya ukoo wa kekeo peke yake, kisha kwa milembe, kwa fumbwe na jamaa zao, kwa kaubedi wa mabara ya Amerika, na kwa bata mmoja mwenye kichwa cheusi wa Amerika ya Kusini. Bata huyo hana madhara makubwa. Kinda wake huanguliwa, hukaa kiotani siku moja hivi, kisha huenda zake kujitafutia riziki. Wengine hula jasho la mlezi kwa wiki nzima nzima.

Tazama kwanza jinsi kekeo wa Ulaya anavyotaga. Kwa muda mrefu wengi waliamini kwamba jike hutaga chini, kisha hulibeba yai mdomoni na kulipachika kiotani. Mwingereza Edgar Chance, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alimfuatilia jike mmoja msimu baada ya msimu, na mwaka 1921 akapeleka wapiga filamu mbele ya viota alivyotabiri kuwa vitavamiwa. Filamu ikamaliza ubishi: jike hutagia ndani ya kiota chenyewe. Mwaka 1922 jike huyo alitaga mayai 25 katika msimu mmoja.

Kazi yenyewe ni ya kufumba na kufumbua. Jike hukaa juu mtini kwa muda mrefu, kimya, akiwatazama wenye viota wanavyoingia na kutoka. Alasiri huteremka, huokota yai moja la mwenyeji kwa mdomo, hutaga lake mahali pale pale, huruka. Sekunde kama 10 hivi. Akiondoka hutoa mlio wa kububujika usiofanana kabisa na ule wa dume unaojulikana na kila mtu. Mwaka 2017 watafiti Jenny York na Nick Davies walionyesha kazi ya mlio huo: ndege wa matete wakiusikia hushtuka kama wamesikia kipanga, na mwenye kiota anayehofia roho yake hana muda wa kuyakagua mayai yake. Hata milia ya kifuani mwa kekeo inafanana na ya kipanga.

Sasa jiulize: nani anahitaji ujanja wa kiasi hiki ili kumdanganya mjinga? Kasi ile, saa ile ya mchana, yai moja linaloondolewa, mlio wa kutisha, na yai lenye rangi inayokaribia kabisa yale ya mwenyeji, vyote ni alama za mlinzi aliyekwisha kuwanyima riziki kekeo wengi waliokuwa wazembe. Ukali wa mwenye kiota ndio uliomfinyanga mdoezi.

Ushahidi wa jambo hili uko Wicken Fen, eneo la matete mashariki mwa Uingereza, ambako Davies na Michael Brooke walianza kuweka mayai bandia viotani katika miaka ya 1980. Yai lisilofanana na ya mwenyeji lilitupwa. Lililofanana lilipona mara nyingi zaidi. Na kila nasaba ya kekeo majike ina mwenyeji wake na rangi yake ya mayai, ila nasaba moja imewashangaza watu. Ndiyo inayomtagia ndege mmoja mdogo wa vichakani ambaye mayai yake ni ya buluu safi. Kekeo humtagia yai la kijivu lenye madoa, na yeye huliatamia bila neno. Maelezo yao ni kwamba huyu bado ni mgeni katika vita hivi, hajapata vizazi vya kutosha vya kujifunza kukataa, na kekeo naye hajapata sababu ya kumwigia rangi.

Lakini kukataa kuna gharama, na hapa ndipo wengi wanaposhindwa kumwelewa ndege. Anayetupa yai geni anaweza kukosea akatupa lake. Mahali penye kekeo wachache, mlezi mwenye shaka kupita kiasi atajimalizia mwenyewe uzao wake bila adui yeyote kumgusa. Kwa hiyo hupima. Ndege wa matete akionyeshwa sanamu ya kekeo karibu na kiota chake, huongeza ukali wa kukataa mayai. Asipoona dalili ya adui, hulegeza. Hiyo ni busara ya kutumia taarifa aliyonayo.

Vita vya mayai vinavyonivutia kuliko vyote viko kusini mwa Zambia. Kuna ndege mdogo wa nyasini, prinia, anayetaga mayai ya rangi ambazo huwezi kuamini ni za aina moja ya ndege: jike huyu hutaga meupe, yule ya buluu, mwingine mekundu, mwingine ya kijani cha zeituni, na juu ya rangi hiyo kila mmoja huweka madoa na michirizi yake. Jike mmoja hutaga namna ile ile maisha yake yote. Watafiti huita hii saini, na inafanya kazi kama alama za siri kwenye noti: saini inayotofautiana kutoka jike hadi jike ni ngumu kughushi. Anayemghushia ni ndege wa manjano wa ukoo wa fumbwe, Anomalospiza imberbis. Naye ana mayai meupe, ya buluu na mekundu, lakini jike wake hachagui. Hutaga kwa bahati nasibu, na akiangukia kiota chenye saini isiyolingana na yai lake, prinia hulitoa.

Claire Spottiswoode na wenzake walitumia pia hazina ya mayai iliyokusanywa katika eneo hilo na John Colebrook-Robjent kwa miongo kadhaa. Wakiyapanga ya zamani na ya sasa, waliona rangi za mwenyeji zimehama ndani ya miaka 40 tu, na za mdoezi zikazifuata nyuma. Miaka 40! Tumezoea kudhani mageuzi ya viumbe ni jambo la mamilioni ya miaka. Mwaka 2022 walieleza pia kwa nini mdoezi huyu anahemewa: rangi ya msingi ya yai lake hurithiwa kwa mama peke yake. Binti hupata kile kile cha mama yake, kwa uaminifu mkubwa, lakini hawezi kuchanganya cha mama na cha baba ili kupata kitu kipya. Prinia anaweza. Mwenyeji ana kiwanda cha kuzalisha saini mpya, na mdoezi amebaki na nakala za zamani.

Humo humo Zambia, mramba mwenye mkia wa panda hudoewa na kekeo wa Afrika ambaye mayai yake, kwa jicho letu, huwezi kuyatofautisha na ya mramba. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 ulikadiria kwamba mramba angeyakataa karibu asilimia 94 ya mayai ya kekeo huyo. Kughushi kwa ustadi wa hali ya juu, na bado mayai zaidi ya tisa katika kumi hayafiki popote. Ndege anayekagua kiasi hicho aitwe mjinga?

Kuna jaribio la kinyume pia, lililofanywa na historia yenyewe. Kwera wa Afrika walipelekwa na watu katika visiwa vya Hispaniola na Mauritius, zaidi ya karne moja iliyopita, ambako hakuna kekeo wa kuwaigia mayai. David Lahti alipoyachunguza mayai yao, alikuta saini zimeanza kufifia: tofauti kati ya jike na jike imepungua, na mayai ya jike mmoja hayafanani tena kama zamani. Ulinzi ni mzigo, na adui asipokuwepo mzigo huo hutuliwa.

Tuje sasa kwenye picha yenyewe. Kwa nini ndege anayelijua yai geni kwa tone la rangi ashindwe kumtambua kinda geni anayemzidi ukubwa?

Alichokifanya kinda kilielezwa kwa mara ya kwanza kwa undani na Edward Jenner mwaka 1788, kabla hajapata umaarufu wa chanjo ya ndui. Kinda wa kekeo, uchi, macho bado hayajafunguka, huanguliwa mara nyingi kabla ya wenzake. Mgongoni ana kishimo. Hujisukuma kinyumenyume mpaka yai liingie katika kishimo hicho, huinua mbawa zake changa kulizuia lisiteleze, hutanua miguu kwenye kuta za kiota, na hupanda nyuma-nyuma hadi ukingoni. Yai hudondoka. Hupumzika. Hurudia. Wengi hawakumwamini Jenner kwa miaka mingi. Mzazi anaweza kuwa pale pale ukingoni, asiingilie kati.

Arnon Lotem alitoa jibu mwaka 1993, na kwangu ndilo jibu bora lililowahi kuandikwa juu ya jambo hili. Ndege hujifunza mayai yake kwa kuyatazama yale anayotaga mara ya kwanza. Hata kama kekeo ameongeza lake, mengi yaliyopo bado ni ya mwenyeji, kwa hiyo kosa si kubwa. Sasa fikiria angejifunza makinda kwa njia hiyo hiyo. Kama uzao wake wa kwanza umevamiwa, kinda pekee anayemwona ni wa kekeo, kwa sababu wengine wametupwa. Angemkariri huyo kuwa ndiye sura ya mwanawe, na kuanzia hapo angewakataa wanawe wa damu msimu baada ya msimu, mpaka kufa. Hasara ya kumlea mgeni mara moja ni ndogo kuliko hasara ya kuwakana wako daima. Kutojifunza sura ya kinda ndiyo kanuni iliyo salama zaidi.

Na huyo kinda anajua kuomba. Peke yake, mdomo wake mmoja hautoshi kumhimiza mzazi alete chakula cha makinda wanne, basi huongeza sauti: hulia haraka haraka hadi anasikika kama kiota kizima cha makinda wenye njaa. Jambo hili lilithibitishwa na Davies, Rebecca Kilner na David Noble mwaka 1998. Mzazi anaitikia sauti ile ile ambayo ingewaokoa wanawe mwenyewe.

Tena si kweli kwamba kinda hakataliwi popote. Australia kuna ndege wadogo wa buluu wanaovamiwa na kekeo wanaong'aa kama shaba, na Naomi Langmore aliripoti mwaka 2003 kwamba majike hutelekeza sehemu kubwa ya makinda hao wakabaki peke yao kiotani, wakaenda kujenga upya. Huko, kama unavyoweza kutabiri, makinda wa kekeo wamegeuka kufanana na wa mwenyeji. Mstari wa mapambano umesogea kutoka kwenye yai hadi kwenye kinda.

Mlembe nimemweka nyuma makusudi, kwa sababu yeye huvuruga hukumu za watu. Ni ndege anayependwa. Huwaita wawindaji wa asali, huwaongoza mti hadi mti mpaka kwenye mzinga wa nyuki, naye hubakiziwa nta, chakula anachoweza kukimeng'enya. Katika eneo la Niassa, Msumbiji, wawindaji wa Kiyao wana mlio maalumu wa kumwita, na utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wakiutumia, uwezekano wa kuongozwa hadi kwenye nyuki hupanda kutoka asilimia 17 hadi 54.

Ndege huyo huyo huzaliwa muuaji. Jike hutagia katika mashimo ya ndege wengine, mfano keremkerem, na mara nyingi huyatoboa mayai ya mwenyeji. Yakibaki mazima, kinda wa mlembe hushughulika nayo yakishaanguliwa. Hutoka kwenye yai akiwa kipofu, uchi, lakini kwenye ncha za mdomo wake, juu na chini, ana ndoano kali kama sindano. Kamera za giza zilizowekwa mashimoni na Spottiswoode na Jeroen Koorevaar zilimwonyesha akimshika kinda wa keremkerem, akimng'ata na kumtikisa, akipumzika, akirudia. Wengine walikufa kwa dakika chache, wengine baada ya saa kadhaa. Mzazi aliingia na chakula katikati ya tukio hilo. Gizani hakuona kitu. Wiki mbili baadaye ndoano zimekwisha kupotea na kinda anaonekana kama kinda yeyote.

Hapa sina maneno ya kumtetea mlembe, wala ya kumshtaki. Nasema tu kwamba anayemwita kekeo katili na papo hapo kumsifu mlembe kuwa rafiki wa binadamu, anapima ndege kwa faida yake mwenyewe.

Fumbwe wana njia nyingine kabisa. Makinda wao hawaui. Hukua pamoja na makinda wa mwenyeji, wakiwa wamechora ndani ya midomo yao madoa na rangi zile zile za wenzao, ili mzazi akifunguliwa midomo mitano asione wa kumnyima. Husemwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa kekeo msemo huu haushiki, maana kinda wake hukua kekeo, akaimba kikekeo, hata kama hajawahi kumsikia. Kwa fumbwe unashika barabara: dume huiga nyimbo za baba mlezi wake, na jike huvutwa na dume anayeimba nyimbo za nyumba aliyolelewa. Kwa njia hiyo aina mpya za fumbwe zinaweza kuzaliwa kwa kuhama mwenyeji tu.

Panapohitaji mkono wetu ni pale tulipoharibu uwiano sisi wenyewe. Kaubedi wa Amerika ya Kaskazini alikuwa akifuata makundi ya nyati wa nyika, akitagia ndege waliokuwa wamemzoea kwa vizazi. Misitu ya mashariki ilipofyekwa na ng'ombe kuenea, akaingia kwa ndege wasiowahi kumwona. Leo amerekodiwa akitagia aina zaidi ya 200. Mmoja wao ni ndege wa Kirtland, anayezaa hasa Michigan katika misonobari michanga. Mwaka 1971 madume waliosikika wakiimba walikuwa 201 tu, wakati miaka 10 kabla walikuwa 502. Mwaka 1972 mitego ya kaubedi ikawekwa. Viota vilivyovamiwa vikapungua sana, na mteremko ukasimama.

Lakini idadi haikupanda. Ilikaa pale pale kwa karibu miaka 20, hadi misonobari iliyochipua baada ya moto mkubwa wa mwaka 1980 ilipofikia umri anaoupenda ndege huyu. Hapo ndipo walipoongezeka, na mwaka 2019 wakaondolewa katika orodha ya Marekani ya viumbe walio hatarini. Mitego ilipoacha kutegwa, uvamizi haukurudi kwa kiwango cha zamani. Naiunga mkono ile mitego ya 1972, kwa kuwa bila hiyo huenda kusingebaki ndege wa kuokolewa. Ninachopinga ni wale wanaoieleza habari hii kana kwamba kaubedi ndiye aliyekuwa tatizo lote, wakasahau msitu.

Kwa anayekuta yai geni kiotani na kuwashwa mkono kulitoa: usilitoe. Kaubedi na kekeo ni ndege wa asili, na Marekani kutoa yai la kaubedi bila kibali ni kosa kisheria. Pia unaweza kumponza unayedhani unamsaidia. Jeffrey Hoover na Scott Robinson waliondoa mayai ya kaubedi katika viota vya ndege wa manjano wa mabwawani, wakaripoti mwaka 2007 kwamba asilimia 56 ya viota hivyo viliharibiwa baadaye, dhidi ya asilimia 6 ya vile vilivyoachiwa yai. Kaubedi hurudi kukagua.

Kwa sasa, kati ya kekeo na ndege wa matete wa Uingereza, anayepaswa kutuhangaisha ni kekeo. Amekuwa katika orodha nyekundu ya ndege wa nchi hiyo tangu 2009, huku ndege wa matete wakiongezeka. Vifaa vya setilaiti vinavyofungwa migongoni mwa kekeo tangu 2011 vimeonyesha kwamba wanaopita Hispania wakielekea bonde la Kongo hufa zaidi njiani kuliko wanaopita Italia. Na pale Wicken Fen, ambako uvamizi umeshuka sana tangu miaka ya 1980, Davies na Rose Thorogood walirudia majaribio yale yale ya yai bandia na sanamu ya kekeo. Ndege wa matete wanakataa mayai machache kuliko zamani, na hawamshambulii sana kekeo kama walivyofanya wakati ule. Wamepima hatari upya, wakakuta imepungua.